Jibu kwa Afande mstaafu: riwaya ya mapambano huanza pale mkono unapofungwa

Msomaji mmoja wa hapa Tanga, askari wa upelelezi aliyestaafu baada ya miaka 31 ya utumishi, ameniandikia hivi: "Ndugu mhariri, nimemaliza mswada wa riwaya ya mapambano yenye sura 24, inayohusu genge linaloingiza dawa za kulevya kwa majahazi kupitia bandari bubu za pwani yetu. Mchapishaji mmoja aliusoma akaurudisha, akasema unasomeka kama taarifa ya kituo cha polisi. Kijana wangu naye akanishauri niongeze risasi. Nimeongeza, lakini sasa mimi mwenyewe siuamini. Je, mtu aliyeifanya kazi yenyewe anaandikaje riwaya ya aina hii, na yapi ya kazini naweza kuyatia, yapi niyaache?" Pamoja na barua ameniletea sura 5 za mwanzo na sura ya 11, nami nimezisoma zote mara mbili.

Shikamoo, Afande. Nakuita hivyo kwa sababu katika mji wetu jina hilo halistaafu pamoja na mwenyewe, na kwa sababu nitakayokuambia yanatokana na heshima niliyo nayo kwa kazi uliyoifanya na kwa kazi hii mpya uliyoianza.

Kijana wako amekushauri kwa nia njema, lakini amekushauri vibaya. Risasi zimejaa tele katika riwaya za Kiswahili tangu miaka ya 1970, na mwandishi yeyote aliyeketi Mikanjuni, asiyewahi kushika bunduki maishani mwake, anaweza kuzimwaga kurasa kumi kwa usiku mmoja. Wewe una hazina ambayo yeye hana: unakijua kila kitu kinachoufunga mkono wa askari. Unaijua saa inayokwenda huku mtuhumiwa akinyamaza, unalijua daftari la ghala la silaha, unalijua giza ambalo shahidi hawezi kuapa ndani yake, na unaijua simu ya mkubwa inayolia wakati mbaya. Msomaji wa riwaya ya mapambano hushika pumzi pale mtu anapotaka kutenda na hawezi, au anapoweza lakini akajua atakavyolipa. Katika mswada wako umevifungua vifungo hivyo vyote ili shujaa wako, Mkaguzi Shekue, apate kukimbia na kufyatua, na hapo ndipo kitabu kilipopoteza nguvu.

Ukitazama fasihi yetu utaona kwa nini nafasi yako iko wazi. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, ambaye riwaya yake ya kwanza ya upelelezi ilichapishwa mwaka 1960, alitupa Bwana Msa, raia mwenye kiko na akili kali, asiye na cheo wala sare. Faraji Katalambulla akamleta Inspekta Wingo mwaka 1965. Kisha kuanzia mwaka 1974 Elvis Musiba akatupa Willy Gamba, jasusi anayevuka mipaka ya nchi na kuua maadui bila mtu kumdai maelezo ya maandishi asubuhi yake. Nampenda Willy Gamba tangu nikiwa shuleni na bado namsoma. Huyo, hata hivyo, ni shujaa wa ndoto, na kwa miaka hamsini waandishi wengi wamekuwa wakiiota ndoto ileile. Wewe hukuiota kazi hii. Uliifanya kwa miguu yako. Inafaa ukumbuke kwamba Muhammed Said Abdulla mwenyewe, kabla ya kuwa mhariri wa magazeti, alikuwa mkaguzi katika idara ya afya, yaani mtu ambaye kazi yake ilimwingiza katika nyumba za watu na kumfundisha kutazama. Kwa Marekani alikuwako Joseph Wambaugh, aliyekuwa askari wa polisi wa Los Angeles kuanzia mwaka 1960 hadi 1974, na aliyetoa riwaya yake ya kwanza mwaka 1971 akiwa bado kazini. Alichowapa wasomaji, ambacho waandishi wa nje ya jeshi la polisi hawakuwa nacho, ni habari ya namna kazi inavyomla askari mwenyewe: usingizi wake, ndoa yake, ulevi wake, na utani mchungu wa wenzake ndani ya gari la doria. Mapambano yamo, lakini msomaji anayaogopa kwa sababu ameshamjua mtu atakayeumia.

Sasa nije kwenye malalamiko ya mchapishaji wako, kwa kuwa katika hilo ana haki. Sura yako ya 1 inaanza hivi: "Mnamo majira ya saa 8 usiku, Mkaguzi Shekue akiwa doria maeneo ya Sahare pamoja na askari wenzake wawili, alifanikiwa kumtia mbaroni mtuhumiwa mmoja jinsia ya kiume, mwenye umri kati ya miaka 35 na 40, akiwa na mfuko wa salfeti unaodhaniwa kuwa na dawa za kulevya." Kwa jalada, sentensi hiyo ni safi, na wakili angehangaika kupata ufa wa kuingilia. Lakini tazama inavyomtendea msomaji. Neno "alifanikiwa" limemwambia mwisho kabla hajaonja mwanzo. "Jinsia ya kiume" imemnyima uso wa mtu. "Unaodhaniwa" ni ngao ya mwandishi mahakamani, na msomaji wa riwaya hakuja kukushitaki. Maelezo ya polisi huandikwa ili kuondoa shaka, ilhali riwaya ya aina hii huishi kwa shaka, na mkono wako uliozoea kwa miaka 31 kuifuta shaka lazima sasa ujifunze kuiacha ikae.

Nimejaribu kuandika tukio hilohilo kwa kutumia mambo uliyoyataja wewe mwenyewe kurasa mbili mbele, uniwie radhi kwa kuugusa mswada wako:

"Mtu yule alikuwa ameketi juu ya mfuko wake. Shekue alimmulika miguu kwanza, akaona tope la mikokoni limekauka kati ya vidole. Basi hakutoka majini sasa hivi, alikuwa amekaa kitambo akingoja. 'Asalaam aleikum,' Shekue alisema. 'Waaleikum salaam, afande. Karibu.' Alikaribishwa kama mgeni aliyetarajiwa, na hilo ndilo lililomfanya ageuke kutazama nyuma yake."

Sikuongeza hata risasi moja. Nimetumia tope, salamu na jicho la mtu aliyezoea kazi, na vyote vitatu vimetoka kwako. Salamu hasa naomba uithamini, kwa sababu ni mali ya Tanga. Katika mswada wako wahalifu wanafoka na kutukana kama watu wa filamu, wakati wewe na mimi tunajua kwamba hapa mtu anaweza kukutishia roho yako huku akikuvutia kiti. Yule mama muuza pweza wa soko la Deep Sea, uliyempa mistari minne tu katika sura ya 4, anamwambia Shekue, "Keti upumue, mwanangu, jua kali," na kisha anamuuliza hali ya binti yake anayesoma shule ya Usagara, ambaye Shekue hajapata kumtaja mbele ya mtu yeyote sokoni. Hapo nilisisimka kuliko mahali pengine popote katika sura ulizoniletea. Mpe mama huyo sura nzima.

Sura ya 11 ndiyo inayonifanya niamini kwamba kitabu hiki kitasimama, ingawa kwa sasa ina kosa ambalo kila mvuvi wa Sahare, Kigombe na Moa ataliona kabla hajageuza ukurasa. Umeandika kwamba ni usiku wa mwezi mpevu, saa 4 usiku, jahazi linakuja hadi ufukweni, watu wanashusha mzigo, kisha boti ya polisi inalikimbiza kwa kasi kuelekea Jasini. Afande, mwezi mpevu ni bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kukupwa kupita kawaida. Katika pwani yetu, siku za bamvua maji hujaa kabisa karibu na saa 10 alfajiri na saa 10 jioni, na hukupwa kabisa karibu na saa 4, asubuhi na usiku. Saa uliyoichagua, bahari imekimbia mbali, mashua zimelala ubavu juu ya matope, na boti yako ya polisi ingekwama kabla injini haijapata moto.

Usilisahihishe kosa hilo kwa kubadili saa tu, kwa maana ndani yake mna tukio zuri kuliko ulilolikusudia. Fikiri: jahazi limesimama nje kwenye maji ya kina, na watu 6 wamebeba mizigo mabegani wakivuka uwanda mpana wa matope, mwani na vidimbwi, mbalamwezi imewamulika wote, na hakuna anayeweza kukimbia. Shekue na askari wake wawili nao wamo katika tope lilelile, wanafuata, wanazama hadi kwenye vifundo vya miguu, viatu vinabaki chini. Kila upande unauona upande wa pili. Ni mbio zinazokwenda polepole, kila mtu anasikia pumzi zake mwenyewe, na wote wanajua kwamba maji yameanza kurudi na kwamba kabla ya alfajiri mahali waliposimama patakuwa bahari. Hutapata uwanja wa mapambano wa namna hiyo katika kitabu kilichoandikwa na mtu wa mji usio na maji kupwa na kujaa.

Katika tukio hilohilo umemfanya Shekue amtambue mkuu wa genge kwa kumwona mara moja, umbali wa hatua arobaini, akageuka na kutoweka. Hapo ndipo ningependa utumie elimu yako ya mahakamani. Unaifahamu hukumu ya Mahakama ya Rufani ya mwaka 1980 katika shauri la mtu aitwaye Waziri Amani, ambayo mpaka leo huongoza utambuzi wa macho: shahidi alimtazama mtu kwa muda gani, kwa umbali gani, kulikuwa na mwanga gani, na je, alipata kumwona kabla. Kwa msomaji wa kawaida hiyo ni habari ya mawakili, lakini kwa Shekue akiwa kwenye tope ni suala la uhai. Anajua kwamba alichokiona hakitoshi, kesi itavunjika. Ili kitoshe lazima asogee, amtazame uso kwa uso kwa muda wa kutosha, na kila hatua anayosogea inamfanya yeye mwenyewe atambulike. Sheria ndiyo inayomsukuma kwenye hatari, na msomaji ataielewa bila wewe kumsomea kifungu.

Upekuzi wa nyumba ya Ngamiani katika sura ya 3 nao umeupitisha haraka mno. Shekue anapiga mlango teke saa 9 usiku na kuingia. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inataka kibali cha kupekua kitekelezwe kati ya kuchomoza na kuzama kwa jua, isipokuwa mahakama imeruhusu saa nyingine, na ingawa dharura ina mlango wake, dharura hiyo itabidi aitetee baadaye. Kwa hiyo Shekue yuko nje ya nyumba katika mojawapo ya barabara zile za namba, kibali kimo mfukoni, adhana ya alfajiri bado, na ndani anasikia maji yakimwagwa chooni. Aingie au angoje? Kisha yuko mwenyekiti wa serikali ya mtaa, ambaye lazima aamshwe awe shahidi wa upekuzi. Umemtaja kwa maneno mawili tu, "mwenyekiti aliitwa". Nakuomba umwandike: anatoka na msuli na fulana, ana tochi yenye betri dhaifu, anatetemeka kidogo, na kabla ya kutia sahihi kwenye hati ya kukamata mali anauliza kwa sauti ya chini kama kuna ulazima jina lake lisomeke vizuri. Wewe umewaona watu kama hao kwa macho yako. Anaishi mtaa uleule, na kesho atakwenda duka lilelile.

Kuhusu kipigo cha sura ya 5, nitasema wazi. Shekue anampiga mtuhumiwa, mtuhumiwa anataja kila kitu, na hadithi inasonga mbele kama kwamba hakuna kilichotokea. Sikubaliani nacho kwa utu wake, na sikubaliani nacho kwa ufundi wake. Maelezo ya mtuhumiwa yasiyotolewa kwa hiari hayana nafasi mahakamani, na unajua zaidi yangu kwamba mtu anayepigwa husema chochote kitakachosimamisha kipigo, pamoja na uongo. Kama unataka kukiacha kitabuni kwa kuwa mambo ya namna hiyo hutokea, basi kiwe na gharama: jina alilolitaja liwe la mtu asiye na hatia, na kesi itakaposikilizwa, maelezo yale yakataliwe mbele ya Shekue. Vinginevyo weka pale mahojiano ya kweli. Sheria inampa askari saa 4 za msingi za kumhoji mtu aliye chini ya ulinzi, kukiwa na utaratibu wa kuomba nyongeza, na muda wa kumsafirisha hauhesabiwi humo. Na aliyekamatwa bila hati, kosa likiwa si la adhabu ya kifo, anatakiwa kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24. Mtuhumiwa mwerevu anayejua hesabu hiyo anaweza kuomba chai, kuomba kuswali, kusimulia habari za ukoo wake tangu Pangani, kwa upole usiokasirisha, huku saa ya ukutani ikimla Shekue. Saa 4 hizo zinaweza kubeba kurasa 30.

Silaha niziseme kwa ufupi, maana hapo wewe ndiwe mwalimu. Konstebo wa sura ya 3 anafyatua bunduki yake ya SMG mfululizo, na nimehesabu milio karibu mia, kutoka magazini ambayo hukumwonyesha akiibadilisha na ambayo huchukua risasi 30. Kila risasi iliyotoka ghalani ilisainiwa na lazima irudi au ielezewe. Mwache afyatue 2, kisha afikiri juu ya hizo 2 mpaka asubuhi.

Kuna uwanja mwingine wa mapambano ambao hukuugusa kabisa katika sura nilizosoma, nao ni kielelezo chenyewe, yaani kitu kinachopelekwa mahakamani kuwa ushahidi. Mfuko ule wa salfeti utafungwa kwa lakiri, utasainiwa, utakabidhiwa kwa mtunza vielelezo, utasafirishwa hadi maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, utarudi, utapelekwa mahakamani, na kila mkono ulioushika lazima ujulikane. Adui wa Shekue halazimiki kumpiga mtu yeyote risasi. Inatosha usiku mmoja pasijulikane mfuko ulikuwa kwa nani. Ukimweka mtunza vielelezo mwenye mtoto mgonjwa, mtu mwema kabisa ambaye Shekue alianza naye kazi siku moja, utakuwa na hofu ya kutosha kuubeba mswada kuanzia sura ya 12 mpaka mwisho.

Swali lako la pili, la nini uache, linahitaji tahadhari zaidi kuliko yote niliyosema. Usimtie mtoa taarifa yeyote wa kweli, hata kwa jina la kubuni. Tanga ni mji wa kujuana; ukiandika kwamba aliyekuletea habari ni fundi mashua mwenye kilema cha mguu wa kushoto, umekwisha kumtaja, na wapo watu wanaosoma kwa kutafuta. Badili jinsia, kazi, mtaa na miaka, unganisha watu watatu wawe mmoja, na jiulize kama mwenyewe akisoma atajitambua. Akijitambua, hujabadili vya kutosha. Iko Sheria ya Kulinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015, iko Sheria ya Usalama wa Taifa ya mwaka 1970 inayohusu siri za serikali, na iko Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Mashauri ambayo hayajaisha, mbinu za upelelezi zinazotumika hadi leo, na mpangilio wa doria za baharini, yote yaache. Kabla ya kuchapa, mpe wakili mswada wote ausome, na uwaandikie barua waliokuwa waajiri wako kuwaeleza unachokusudia. Nakusihi usiichukulie hatua hiyo kuwa usumbufu. Kuhusu haki yako mwenyewe, sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 inaulinda mswada wako maisha yako yote na miaka 50 baada yake, kwa hiyo usimtilie mchapishaji sahihi kwenye mkataba ambao hukuusoma ukiwa umetulia.

Usiogope pia kumweka Shekue nyumbani. Katika sura zote 6 nilizosoma hajala hata mara moja mbele ya msomaji, na mkewe ametajwa kwa cheo cha "mke wake" pasipo jina. Mtu aliyerudi na tope la bahari kwenye suruali saa 12 asubuhi, akamkuta mkewe anakanda unga, akaulizwa "vipi huko?" na akajibu "salama tu", anatuambia juu ya kazi ile jambo ambalo hakuna mlio wa bunduki unaoweza kulisema.

Nashauri usianzie kurekebisha sura ya 1. Mwishoni mwa sura ya 11 Shekue, akiwa ametambulika na adui na amepoteza askari mmoja majini, anatupa bastola yake baharini, na sura inaishia hapo kana kwamba hakuna atakayeuliza. Bastola ile ilikuwa na namba, na asubuhi ile kulikuwa na daftari mezani, kalamu, na askari wa zamu aliyengoja kuandikiwa. Uandike kwanza ukurasa huo wa kaunta, Afande, neno kwa neno, alichosema Shekue na alichokiandika, kisha uniletee.